AMRI YA NANE: MTU ASIHUKUMIWE KABLA HAJASIKILIZWA
Mafundisho kwa wakatekumeni

I. Mfungwa wa Kaisaria

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, tangu sura ya 23 hata ya 26, yameandikwa mambo ya kesi ya Mtume Paulo. Yafaa kila mkatekumeni ayajue, kwa maana humo mwaonekana wazi jinsi mtu anavyoweza kuharibiwa kwa maneno matupu, na jinsi sheria njema inavyoweza kumkinga.

Paulo alikuwa mtu wa kubishaniwa. Wengine walimpenda kama baba yao. Wengine hawakuvumilia hata kusikia jina lake. Huko Yeruzalemu watu zaidi ya 40 walijifunga kwa kiapo, wasile wala wasinywe mpaka wamwue. Mkubwa wa askari wa Kirumi alipopata habari hiyo, alimtoa Paulo mjini usiku, akampeleka Kaisaria katikati ya askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Huko akasimamishwa mbele ya liwali Feliksi. Msemaji mmojawapo, jina lake Tertulo, akamshtaki kuwa ni mtu wa kueneza fujo kama tauni. Paulo akajibu ya kwamba hawawezi kuyathibitisha hayo wanayomshtakia. Basi Feliksi hakumhukumu, wala hakumfungua. Alimwacha kifungoni miaka 2, huku moyoni akitumaini kupewa fedha.

Akaja liwali mpya, Festo. Mara wakubwa wa makuhani wakamwendea na kumwomba neema: amrudishe Paulo Yeruzalemu. Kwa nje walitafuta baraza. Kwa ndani walikuwa wamekusudia kumvizia njiani na kumwua. Lakini Festo, kama alivyomweleza mfalme Agripa baadaye, aliwajibu ya kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu yeyote kabla hajaonana uso kwa uso na wenye kumshtaki, na kupewa nafasi ya kujitetea.

Festo hakuwa mtakatifu. Alikuwa mpagani, tena baada ya siku chache, akitaka kuwapendeza wakubwa wale, alimwuliza Paulo kama yu tayari kwenda kuhukumiwa Yeruzalemu. Lakini hata mpagani huyo alijua jambo ambalo wabatizwa wengi hulisahau siku hizi wakisikia habari redioni: kushtakiwa si kuhukumiwa, na jina baya si ushuhuda.

Tena na atazamwe Paulo mwenyewe. Yeye hakuikimbia haki. Alisema waziwazi ya kwamba, kama ametenda neno la kustahili kufa, hakatai kufa. Lakini kama mashtaka si ya kweli, hakuna mwenye ruhusa ya kumtoa kuwa zawadi kwa adui zake. Ndipo alipoomba kuhukumiwa na Kaizari. Hapo pana mafunzo mawili, wala moja halipiti bila la pili. Mshtakiwa asijifiche mbele ya haki. Na mwenye mamlaka asimtoe mtu kama vile mgeni apewavyo kuku.

II. Mungu mwenyewe alimwita mtu kwanza

Adamu alipokula tunda, Mungu alijua. Hakuna lililofichika mbele yake. Hata hivyo hakumfukuza bustanini kabla ya kumwita, kumwuliza yuko wapi, na kumwacha aseme neno lake. Hawa naye aliulizwa. Kaini alipomwua Abeli, Mungu alimwuliza kwanza habari za ndugu yake. Na kilio cha Sodoma kilipofika mbinguni, Mungu alimwambia Abrahamu ya kwamba atashuka kwanza aone kama watu wale wametenda kadiri ya kilio kile.

Walimu wa sheria za Kanisa wa zamani walikaa wakiyafikiri maneno hayo. Wakasema: Ikiwa Mungu ajuaye yote hakumhukumu Adamu bila kumwita, mwanadamu asiyejua yaliyo nyuma ya ukuta wa jirani yake atahukumuje bila kusikiliza? Karibu na mwaka 1300 Kardinali Jean Lemoine, Mfaransa, akafundisha katika maandiko yake ya sheria ya kwamba kila mtu ahesabiwe kuwa hana kosa mpaka kosa lake lithibitishwe. Fundisho hilo lingaliko. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliliandika waziwazi katika sheria ya Kanisa ya makosa na adhabu.

Ushuhuda mwingine u katika Kitabu cha Danieli. Suzana, mke mwaminifu, alishtakiwa kwa uzinzi na wazee wawili waliokuwa waamuzi. Watu waliwasadiki. Mbona wasiwasadiki, nao ni wazee, tena wenye cheo? Suzana alikuwa akipelekwa kuuawa Danieli kijana alipopaza sauti. Akawatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: ni chini ya mti gani alipowaona? Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mti mwingine. Basi uwongo ukaanguka chini. Watu wote wa baraza ile walikuwa na hakika. Nao wote walikuwa wamekosea. Kama Danieli angalikawia njiani kidogo tu, hakika yao ingalimwua mtu asiye na kosa.

Na mwisho, wakatekumeni, na atazamwe Bwana wetu Yezu Kristu. Usiku ule walitafuta mashahidi juu yake, na maneno ya mashahidi hayakupatana. Pilato alitangaza ya kwamba haoni kosa kwake. Kisha, kwa kuuogopa umati, akamtoa. Kwa sababu hiyo jina la Pilato lasomwa katika Kanuni ya Imani hata leo. Kila Mkristu akiisali, akumbuke: huyu ni mwamuzi aliyeijua haki, akazifuata kelele.

III. Mwavi na chuma cha moto

Hapo kale, katika nchi nyingi za Afrika, mtu aliyeshtakiwa uchawi alinyweshwa mwavi. Akitapika, hana kosa. Akifa, ndiye mchawi. Wala wakatekumeni wasidhani ya kwamba upotevu huo ulikuwa wa Waafrika peke yao. Katika Ulaya mshtakiwa alishikishwa chuma cha moto, au alitia mkono katika maji ya kuchemka. Baada ya siku kidonda kikatazamwa. Hata mapadri waliitwa kubariki chuma na maji. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano, chini ya Papa Inosenti III, ulikataza mapadri wasibariki tena mambo hayo. Na zamani kabla ya huo, mwaka 866, Papa Nikolao I aliwaandikia Wabulgaria ya kwamba kumpiga mtu ili akiri ni jambo lisiloruhusiwa na sheria ya Mungu wala ya wanadamu.

Ubaya wa mwavi ulikuwa nini? Si sumu tu. Ubaya wake ni kuigeuza haki juu chini. Mwenye kushtaki hakudaiwa kitu. Mshtakiwa ndiye aliyedaiwa kuonyesha kwa mwili wake mwenyewe ya kwamba hana kosa. Sheria ya Musa haikuwa hivyo: yataka mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uwongo apewe adhabu ileile aliyotaka kumtia mwenzake. Anayeshtaki ndiye anayebeba mzigo.

Siku hizi mwavi hauonekani sana. Lakini mtu anayesema, «Ametajwa redioni, basi ana kosa,» huyo bado anatwanga magome ya mwavi.

IV. Mfano wa mjane aliyevuka mto

Katika kijiji kimoja kando ya mto mtoto alikufa kwa homa. Kabla ya matanga kwisha, mdomo mmoja ulisema: «Ni yule mjane. Alipita mbele ya nyumba jioni ile. Macho yake ni mekundu.» Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka 60. Lakini ilipofika jioni watu wote walikuwa wanajua, wala hakuna aliyeona kitu. Usiku mjane akatwaa kikapu chake, akavuka mto kwa mtumbwi, akaenda kwa ndugu yake katika kijiji cha pili.

Asubuhi wanaume sita wakasimama mbele ya sultani wa kijiji kile.

«Sultani, utupe yule mwanamke. Ni mtu wetu, na kesi ni yetu.»

Sultani akawapa viti na maji ya kunywa. Kisha akasema: «Ndugu zangu, poleni kwa msiba. Mama huyu amekosa nini?»

«Ameua mtoto.»

«Ameua kwa kitu gani?»

«Kwa uchawi. Kila mtu anajua.»

«Kila mtu anajua. Nani ameona?»

Wakatazamana.

«Nikiwapa mama huyu, mtampeleka wapi? Mbele ya baraza, ama mbele ya vijana wenye mawe?»

Wakanyamaza. Ndipo baba wa mtoto, mdogo kuliko wote, akaanza kulia, akasema: «Baba, mtoto wangu amezikwa. Je, hakuna mtu atakayejibu?»

Sultani akaondoka kitini pake, akaketi chini karibu naye. «Mwanangu,» akasema, «kilio chako ni cha haki, wala mimi sikicheki. Lakini ukimzika mama huyu asiye na kosa juu ya mtoto wako, kilio hakipungui: vinakuwa vilio viwili. Twende kwanza tuulize.»

Akawapeleka kwa mwuguzi wa dispensari. Mwuguzi akafungua daftari lake. Mwezi ule watoto wanne wengine walikuwa wameletwa na homa ileile, nao walitoka vijiji ambavyo mjane hajakanyaga. Baba wa mtoto alisimama kimya muda mrefu. Hakumwomba mjane msamaha siku ile. Lakini alivuka mto akaenda kwake, wala hakurudi na mawe.

Mwaka uleule mtu mwingine alivuka mto na mbuzi wawili wa jirani yake. Mwenye mbuzi akaja na mashahidi wawili waliomwona, tena akaonyesha alama ya masikio ya mbuzi. Safari hii sultani hakukataa. Alimtoa yule mtu, akamtuma mjumbe wake kumsindikiza, akaagiza hivi: «Mnamwitia mbuzi wawili, basi ahukumiwe kwa mbuzi wawili. Msimwongezee madeni ya zamani. Na afike salama mbele ya baraza.»

Sultani huyu alifuata njia ambayo Mungu aliwafundisha Waizraeli. Katika nchi yao iliwekwa miji 6 ya kukimbilia, kama Hebroni na Sikemu. Aliyeua mtu bila kukusudia alikimbilia huko, akasimama mlangoni, wazee wakamsikiliza. Wala hawakumtia mikononi mwa mlipiza kisasi kabla hajasimama mbele ya baraza. Lakini aliyeua kwa kukusudia, wazee wa mji wake waliagizwa kumwondoa huko na kumtoa. Mji wa kukimbilia ulikuwa ngao ya asiye na kosa. Haukuwa pango la mwenye kosa.

V. Mambo ya Jean-Pierre Bemba

Yale ya mto na vijiji viwili hutukia pia kati ya nchi na nchi. Mfano mmoja waijia Kongo yenyewe, wala haufai kupitwa upesi.

Jean-Pierre Bemba alikuwa kiongozi wa chama cha MLC chenye askari katika upande wa Ekwateri. Mwezi Oktoba 2002 askari wake walivuka mto Ubangi kuingia Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakiitwa na rais Ange-Félix Patassé ili kumsaidia juu ya waasi. Walikaa huko hata mwezi Machi 2003. Watu wengi wa nchi ile walishuhudia mabaya mazito: kuuawa, kunajisiwa kwa wanawake, kunyang'anywa mali. Bemba mwenyewe alikuwa makamu wa rais wa Kongo tangu 2003 hata 2006. Mwaka 2006 alishindana na Joseph Kabila katika uchaguzi wa urais, akashindwa. Mwaka 2007 akatoka katika nchi.

Tarehe 24 Mei 2008 alikamatwa Bruseli, mji mkuu wa Ubelgiji, kwa hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko La Haye, Uholanzi. Ubelgiji haukumhukumu. Uliitazama hati, na mwezi Julai 2008 ukamkabidhi kwa mahakama ile. Hakushtakiwa ya kwamba aliua kwa mkono wake. Alishtakiwa kwa sababu ya cheo chake: kwamba akiwa mkubwa wa askari hakuwazuia wala kuwaadhibu kama ilivyompasa. Wakatekumeni hujifunza ya kwamba mtu aweza kukosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu. Shitaka lake lilikuwa la namna hiyo ya mwisho.

Tangu siku ya kukamatwa kwake, katika miji na vijiji watu waligawanyika. Wengine walisema: «Ni mwuaji, kesi ya nini tena?» Wengine walisema: «Ni mtu wetu, wanamwonea, hao wanawake wanasema uwongo.» Wote wawili walikuwa wamekwisha hukumu kabla shahidi wa kwanza hajafungua kinywa. Yule wa kwanza alimhukumu Bemba. Yule wa pili aliwahukumu wanawake wa Bangui.

Kesi ilianza tarehe 22 Novemba 2010. Wenye kuteswa 5,229 walipewa ruhusa ya kushiriki kwa njia ya mawakili. Tarehe 21 Machi 2016 waamuzi watatu walimwona ana hatia. Wakamkatia kifungo cha miaka 18. Akakata rufani. Tarehe 8 Juni 2018 waamuzi 3 kati ya 5 wa rufani waliiondoa hukumu ile, wakamwachilia. Walisema ya kwamba amehukumiwa kwa matendo mengine yaliyokuwa nje ya shitaka, tena ya kwamba waamuzi wa kwanza walikosea walipopima kama alifanya yale aliyoweza ili kuwazuia askari. Waamuzi 2 hawakukubaliana na hao. Alikuwa amekaa kifungoni miaka 10. Tarehe 1 Agosti 2018 alirudi Kinshasa.

Na habari isikatwe nusu: katika shitaka lingine, la kuwapotosha mashahidi wa kesi yake, alionekana ana hatia mwaka 2016, na mwaka 2018 waamuzi wa rufani waliuthibitisha ukweli wa shitaka hilo kwa sehemu kubwa. Aliadhibiwa kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 300,000. Kila shitaka lisimame kwa miguu yake. Aliyeachiliwa katika moja asihesabiwe hana kosa katika yote. Aliyehukumiwa katika moja asitwikwe yote.

Je, hukumu ya 2018 ilisema ya kwamba watu wa Bangui hawakuteswa? Sivyo. Ilisema juu ya mtu mmoja tu, ya kwamba hatia yake haikuthibitishwa kama sheria inavyotaka. Machozi ya wale akina mama ni ya kweli, na deni lao laendelea kudai haki. Hapa ndipo moyo wa Mkristu unapojaribiwa. Ni rahisi kuwalilia walioumizwa na kumtupa mshtakiwa. Ni rahisi pia kumtetea mshtakiwa na kuwafunga vinywa walioumizwa. Amri ya nane yakataza njia zote mbili. Anayetaka mwenye kosa yeyote aadhibiwe, ilimradi yupo mtu wa kuadhibiwa, huyo hawapi waliolia haki yao. Awapa jina tu, na mwenye kosa hasa aenda zake.

VI. Maswali na majibu

Swali: Kumtoa mtu kwa nchi nyingine ni kumhukumu?
Jibu: Hapana. Nchi inayoombwa haiamui kama ana kosa. Yatazama mambo haya tu: je, ni mtu yuleyule? Je, ombi lina hati ya kweli? Je, tendo hilo ni kosa hata katika sheria zake yenyewe? Je, huko aendako atapata baraza la haki? Akitolewa leo, bado ahesabiwa kuwa hana kosa, na hukumu yangojewa.

Swali: Je, nchi yaweza kukataa?
Jibu: Yaweza. Ubelgiji, kwa sheria yake ya tarehe 1 Oktoba 1833, ulikataza mtu asitolewe kwa ajili ya kosa la siasa. Nchi nyingi zilifuata njia hiyo. Tena si halali kumtoa mtu ambako yuko hatarini kuteswa. Lakini kukataa bila sababu, ili kumficha mwenye fedha au rafiki ya wakubwa, ni kuwadhulumu walioumizwa.

Swali: Kwa nini aliyetolewa ahukumiwe kwa yale aliyoombewa tu?
Jibu: Kwa sababu mtu hawezi kujitetea juu ya neno ambalo hajaambiwa. Sultani alijua hilo alipotaja mbuzi wawili.

Swali: Akiwa ni mtu mbaya anayejulikana, bado astahili kusikilizwa?
Jibu: Ndiyo. Mwenye kupendwa na wote hana haja kubwa ya sheria hiyo. Anayechukiwa ndiye anayeihitaji. Tena Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia, nao walikuwa wakimsema Yezu kuwa mdanganyifu.

Swali: Je, sheria ya Kongo yafundisha hivyo?
Jibu: Ndiyo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, yamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe hatia yake. Mataifa mengi yalilikubali neno hilo katika Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, nayo sheria ya Mahakama ya La Haye yalishika pia.

Swali: Kumhesabu mtu kuwa hana kosa ni kusema ya kwamba mwenye kumshtaki ni mwongo?
Jibu: Sivyo. Mwenye kushtaki naye asikilizwe kwa heshima, alindwe, wala asitishwe. Kungoja hukumu ni kuwatendea wote wawili haki.

VII. Dhambi tatu za ulimi

Wakatekumeni wanaojitayarisha kwa Ubatizo na wazipime ndimi zao kwa amri ya nane. Dhambi ya kwanza ni kuhukumu haraka, yaani kuusadiki moyoni ubaya wa mwenzako bila sababu ya kutosha. Ya pili ni kusengenya, yaani kuufunua ubaya wa kweli wa mwingine kwa wasioujua, bila haja. Ya tatu ni kusingizia, yaani kumzulia uwongo. Ya kwanza hukaa kimya moyoni, lakini ndiyo mbegu ya hizo mbili.

Zamani neno baya lilitembea kwa miguu, likalala njiani. Leo mtu abonyeza simu, nalo lavuka mito yote kabla chungu cha ugali hakijachemka. Mwenye kulipeleka asema, «Mimi sikutunga, nimepeleka tu.» Naye aliyeleta mawe kwa ajili ya Stefano je, hakuwa na sehemu? Basi Mkristu akipokea habari ya kumharibu mtu jina, na ajiulize mambo matatu: Nani ameona? Mshtakiwa amejibu nini? Nikilipeleka, nitaweza kulirudisha? Asipopata jibu, habari ikae kwake.

Tena wajue ya kwamba kuungama peke yake hakutoshi. Aliyeiba mbuzi humrudisha mbuzi. Aliyeiba jina sharti alirudishe jina. Aende kwa walewale aliowaambia, aseme, «Nilikosea.» Ni kazi ngumu, kwa maana maneno ni kama manyoya ya kuku yaliyopeperushwa na upepo. Lakini anayeogopa kazi hiyo na aogope kwanza kumwaga manyoya.

Nao wanaoitwa kwenye baraza kuwa wazee, wakapita au mashahidi, wakumbuke mjane na sultani. Siku moja mtu atakimbia usiku na kikapu chake, na watu watasimama mlangoni wakisema, «Kila mtu anajua.» Siku hiyo itaonekana kama mafundisho ya Ubatizo yaliingia moyoni, au yalibaki kinywani.

SALA

Ee Bwana Yezu, wewe ulisimama mbele ya Pilato bila kosa, na umati ukapiga kelele juu yako. Uwaangalie wote waliofungwa wakingoja hukumu, wenye kosa na wasio na kosa, kwa maana wewe peke yako wawajua. Uwafariji walioumizwa, wasije wakakosa haki yao duniani. Uwape waamuzi macho ya Danieli. Utuwekee mlinzi vinywani mwetu, ili siku utakapokuja kuwahukumu wazima na wafu, tuonewe huruma ambayo sisi wenyewe tuliwaonea wengine. Amina.